Robo ya Mwisho, Kisima cha Jumapili

"Farasi gani hawa?" alisema Snow Brannigan, akiegemea tangi la Kisima cha Jumapili. "Hivi ni viango vya nguo, Noreen. Hata mbwa wangu ukimpa nyama hii ataomba kubadilishiwa."

"Mbwa wako alikula kiti cha gari lako," alijibu Noreen Mirza bila kugeuka. "Usituletee habari za anachopenda."

Snow alicheka mpaka akakohoa. Alikuwa mtega farasi na mpiga risasi wa kukodiwa, mtu wa vumbi na tumbaku, na jina hilo la Snow, yaani theluji, lilimganda tangu utotoni kwa ajili ya nywele zake nyeupe. Yeye na Noreen walisoma darasa moja huko Marree, mji mdogo wa jangwani, walipigwa na mwalimu mmoja, na tangu hapo hawakuwahi kuzungumza dakika tano bila kuchokozana.

Wa tatu wao hakucheka. Tess Haldane, msimamizi wa hifadhi, alikuwa akiwatazama farasi wakishuka kutoka kwenye matuta mekundu, mmoja nyuma ya mwingine, kuja kunywa. Ilikuwa asubuhi ya kipupwe na mvuke ulipanda kutoka kwenye hori, kwa maana maji ya kisima kile yalitoka chini kabisa ya ardhi yakiwa ya moto, yanajisukuma yenyewe bila mashine, na yalikuwa yakimwagika hivyo tangu kabla baba yake Noreen hajazaliwa.

"Shangazi," alisema Tess. Vijana wote wa sehemu zile walimwita Noreen shangazi, na Tess aliyetoka mjini Adelaide alikuwa ameiga. "Unajua kwa nini tuko hapa. Kila tone linalopotea hapa linakosekana kule kwenye chemchemi. Ile ya kaskazini imebaki upana wa sahani. Wale samaki wadogo wa chemchemi wakiisha pale wameisha duniani."

"Sijakataa."

"Kisima kitafungwa. Nataka Snow aweke mageti ya mtego kwenye hori. Wataingia kunywa, hawatatoka, watapanda lori."

"Lori la kwenda wapi?"

Tess alitazama chini. "Unajua linakwenda wapi."

Noreen alijua. Kila mtu alijua lori la farasi wa mwituni linaishia machinjioni. Alifuta mikono kwenye suruali, akasema maneno aliyokuwa ameyapanga njia nzima. "Nipe mimi nifunge. Nikifunga sasa, kabla ya joto, Dimbwi Refu kule kijitoni bado limejaa. Nyasi ziko njiani. Wakikosa maji hapa watakwenda kijitoni kwa miguu yao. Ni mwendo wa siku moja tu kwa farasi mwenye afya."

"Farasi hafuati maji, dada," alisema Snow, na safari hii hakuwa anatania. "Anafuata mazoea. Nimewakuta wamekufa wamezunguka hori kavu, na ng'ambo ya tuta bwawa limejaa bata."

"Hao walikuwa wako. Hawa ni wangu."

Tess alifikiri. Alikuwa mtu wa haki, hata Noreen aliyekuwa haipendi kazi yake alilikubali hilo. "Sawa," alisema mwisho. "Wakihamia Dimbwi Refu, sitawagusa. Kijito chenyewe kitaamua. Lakini koki ifungwe, Shangazi. Ifungwe kabisa, kabla ya joto."

"Itafungwa."

Wakapeana mikono juu ya hori, na farasi mmoja jike wa rangi ya majivu akainua kichwa, maji yanamchuruzika kidevuni, akawatazama.

Huyo aliitwa Lottie. Mama yake alikuwa farasi wa kazi wa Clarrie, marehemu mumewe Noreen, enzi za ranchi ya Terranda, wakati ng'ombe walikusanywa kwa farasi. Kisha ranchi ikaleta pikipiki na helikopta, na farasi wakafunguliwa mageti waende zao. Hawakwenda mbali. Walikaa palipo na maji, wakazaana. Lottie alizaliwa pale pale Kisima cha Jumapili, na Noreen ndiye aliyemkuta akiwa bado anatetemeka miguu.

Noreen mwenyewe alizaliwa Marree, ng'ambo ya reli, upande wa nyumba za mabati walikokaa watu walioitwa Waafghani hata kama wengine walitoka Peshawar na Baluchistani. Babu yake alikuja na ngamia. Alibeba unga, waya za simu, na mabomba ya visima hivi hivi. Malori yalipowaondolea watu wa ngamia riziki yao, watoto wao wakawa watunza visima. Baba yake aliitwa Jahangir, lakini wenye ranchi walishindwa na jina hilo, wakamwita Jack. Alipewa mzunguko wa visima vya Terranda, na Noreen akakulia juu ya magunia nyuma ya gari, kutoka kisima hadi kisima, akilala chini ya turubai na kuamka na mchanga masikioni. Mama yake, wa kabila la Arabana, wenye nchi ile, alifua nguo kwenye mfereji pale maji yalipopoa vya kutosha. Maji yalinuka kama yai bovu. Mtu mgeni alikunja uso. Noreen alipokwenda shule ya bweni mjini ndipo alipokunja uso yeye, kwa kuwa maji ya huko hayakunuka chochote na aliona kama anakunywa hewa.

Kwa akina Mirza kulikuwa na desturi moja ambayo hakuna aliyewahi kuijadili. Wakifika kambini, kabla mtu hajanywa chai, mmoja wao alijaza bati maji na kuliweka mbali kidogo na moto, kwa ajili ya yeyote atakayekuja: ndege, mbwa mwitu, nyoka, hata ngamia wa mtu ambaye hamsemeshani. Babu aliiita sadaka ya maji. Alisema Mungu anaweza kumsamehe mtu mengi, lakini kumnyima kiumbe maji jangwani ni jambo ambalo yeye, Mirza mzee, asingependa kwenda nalo mbele ya Mungu. Alilisema kwa sauti ya chini, na watoto wakaelewa kwamba hapo hapana mzaha. Noreen alipokuwa mtu mzima alisali kwa kubahatisha, na bia aliionja, ingawa nguruwe hakumgusa. Lakini bati la maji hakuliacha hata kambi moja. Hakulifikiria. Mkono ulilijaza wenyewe.

Aliolewa na Clarrie Hobbs, wakapata binti mmoja, Shirin. Clarrie alikufa kwa sukari, mguu kwanza, kisha mwenyewe. Ranchi ikauzwa kwa serikali baada ya ukame mrefu, ng'ombe wakapakiwa, mabango ya hifadhi yakapigiliwa pale palipokuwa na mabango ya ranchi. Wengine wote waliondoka. Noreen alibaki kwa sababu hifadhi ilihitaji mtu anayejua koki ziko wapi.

Shirin, aliyekuwa muuguzi Port Augusta, alimpigia simu kila Jumapili.

"Mama, huko umebaki na nani?"

"Na Meya."

"Meya gani? Huko kuna meya?"

"Farasi dume. Mweusi, tumbo kubwa, anasukuma watu kwenye foleni. Jina gani jingine lingemfaa?"

"Mama, njoo mjini."

"Nikimaliza visima."

Alikuwa ameshafunga viwili kabla ya hapo. Lakini vile vilikuwa vya upande wa mawe, palipokuwa hapana mnyama tena, na kuvifunga kulikuwa kama kuzima taa chumba kisicho na mtu.

Kisima cha zamani hakifungwi kwa siku moja. Maji yanayopanda kwa nguvu ile yakizuiwa ghafla hurudi chini kama nyundo, yakapasua bomba lililoliwa na kutu, na yakishapasuka huko chini hakuna atakayeyazuia tena. Kwa hiyo wenye kazi hiyo hufunga robo robo. Unazungusha gurudumu la koki robo mzunguko, unaweka sikio kwenye chuma, unasikiliza kama kuna mtetemo, unaondoka. Unarudi siku nyingine, robo nyingine.

Noreen alifanya hivyo kwa uangalifu wote aliofundishwa na baba yake. Mfereji ulikauka kwanza. Matete yakawa ya njano, bata wakahama, na tope likapasuka vipande kama vigae. Kisha hori likaacha kumwagika. Kisha maji yaliyoingia horini yakawa membamba kama utambi. Ikabaki robo ya mwisho.

Siku aliyokwenda kuifunga, farasi walikuwa wamesimama. Hawakuwa wamekuja kunywa na kuondoka kama ilivyokuwa zamani. Walikuwa wamesimama tu, kundi zima, wakingoja hori lijae. Meya alikuwa ameweka kifua chake kwenye mdomo wa bomba. Watoto wawili wa mwaka ule walilamba chuma pale palipokuwa na unyevu. Noreen alishika gurudumu. Lilikuwa la moto. Lottie alikuja mpaka ubavuni mwake, akamnusa mfuko wa shati.

"Nendeni," aliwaambia. "Mnajua njia. Mama zenu waliijua."

Hakuna aliyekwenda.

Akajiambia: leo wanywe kidogo, wapate nguvu ya safari. Akaliacha gurudumu lilivyo, akaondoka.

"Koki imefungwa, Shangazi?" Tess aliuliza kwenye redio.

"Imebaki robo."

Hilo lilikuwa kweli. Wiki iliyofuata alisema, "Bomba lile zee, Tess, tusiliharakishe," na hilo nalo lilikuwa na ukweli ndani yake. Mara ya tatu alisema, "Tayari." Alipotoa kidole kwenye kitufe cha redio alikaa ndani ya pikapu muda mrefu, akiitazama njia. Katika maisha yake alikuwa ameshasema uongo wa kawaida, wa kuficha bia au kumridhisha mgonjwa. Huu aliuona mdogo kuliko ule. Ulikuwa upana wa utambi.

Joto likaingia mapema mwaka ule. Hewa ya mbali ikaanza kucheza mchana kutwa, na kasuku weupe waliokuwa wakipiga kelele kijitoni wakanyamaza kuanzia saa nne. Noreen alikwenda Kisima cha Jumapili mara nyingi zaidi ya alivyotumwa. Kila mara alikwenda na nia ya kuifunga robo ile, na kila mara aliwakuta wamekonda zaidi ya mara iliyopita, na kila walipokonda zaidi ndivyo ilivyokuwa vigumu zaidi kuwanyima.

Kwa sababu maji yalikuwepo, hawakuondoka. Na kwa sababu hawakuondoka, nyasi za karibu ziliisha, kisha vichaka, kisha maganda ya migunga mpaka pale shingo ya farasi inapofika. Walianza kula mavi yao. Watoto walitafunana mikia. Nyasi za kweli zilikuwa mbali mno sasa. Farasi angeweza kuzifikia, lakini asingeweza kurudi kunywa jua likiwa limesimama, na hakuna hata mmoja aliyekubali kwenda mahali asipoweza kurudi.

Noreen aliwaletea marobota ya nyasi kavu yaliyosahauliwa kwenye ghala la zamani. Yaliisha upesi kama mate kwenye jiko. Siku moja alijaribu kuwaswaga kwa pikapu, akipiga honi, akigonga mlango kwa kiganja, akipiga kelele mpaka koo likauma. Walitembea hadi tuta la pili. Hapo Meya akageuka, akapita pembeni ya pikapu kana kwamba ni jiwe, na wote wakageuka naye. Mtoto mmoja alianguka kwenye mteremko. Alijaribu kuinuka mara kadhaa, kisha akaacha kujaribu. Noreen alizima gari, akakaa naye mpaka alipokata roho, na hakuwaswaga tena.

Maji ya utambi hayakutosha kundi zima. Meya na majike aliowapenda walisimama mbele, wengine walingoja. Lottie alikuwa mzee, na Meya alikuwa amemchoka. Alimng'ata shingoni mpaka pakatoka nyama nyekundu. Alimfukuza yeye, na binti yake wa rangi ya kahawia, na dume mmoja aliyehasiwa, kiwete, masalio ya enzi za Clarrie. Watatu hao walisimama mbali, juani, wakitazama wengine wakinywa. Noreen alijaza ndoo kutoka kwenye tangi la pikapu, akawapelekea. Kabla Lottie hajatia mdomo, Meya alikuwa ameshafika. Ndoo ikaruka kwa teke.

"Mungu akulaani," Noreen alimwambia. "Umebaki mifupa na bado una roho ya mtoza kodi."

Safari iliyofuata watatu hao hawakuwepo. Noreen aliwatafuta kwa macho, kisha akatafuta mwewe angani, mahali wanapozunguka. Aliona mwewe upande wa magharibi na hakwenda kuangalia. Jioni alikula mkate na chai, akalala mapema, na Shirin alipopiga simu hakupokea.

Kilichomleta Tess ni ndege. Rubani wa hifadhi aliyepita kuangalia moto wa nyasi aliona kitu kikimeta pale ambapo hapakupaswa kumeta kitu. Tess alifika mchana, akamkuta Noreen pale pale, ameketi kwenye kivuli cha tangi.

"Shangazi, kile ni nini?"

"Maji."

"Naona ni maji."

Noreen hakusimama. "Nilitaka wapate nguvu ya safari."

Tess alizunguka hori. Farasi hawakusogea kumpisha. Aliwapita kama mtu anayepita katikati ya nguo zilizoanikwa. Mmoja alikuwa amelala ubavuni, hai, kunguru ameketi begani pake. Tess alimfukuza kunguru, na kunguru akaruka hatua chache, akangoja.

"Mwezi wa tisa," alisema Tess, "Dimbwi Refu lilikuwa limefika kwenye mizizi ya mikaratusi. Wangekwenda wakiwa na nyama mwilini. Na njia ilikuwa na nyasi." Hakuinua sauti. Angeinua sauti ingekuwa nafuu. "Ungeniambia umeshindwa. Tungeleta lori wakiwa bado wanaweza kusimama ndani yake."

"Ndiyo."

"Snow anasema hawa hawafiki hata barabarani. Wakianguka ndani ya lori watakanyagana."

"Snow anasema kweli."

"Tukifungua koki yote?"

"Watakufa midomo imelowa," alisema Noreen. "Hakuna wanachokula, Tess. Maji wanayo."

Upepo wa moto ulipita, ukainua vumbi la mavi makavu, ukaliweka chini tena.

"Kwa nini?" aliuliza Tess.

Noreen alitafuta namna ya kumweleza babu yake, na bati, na ile sauti ya chini. Aliyatazama maneno hayo kichwani, na mbele ya yule farasi aliyelala yakaonekana kama udhuru. "Sikuweza," alisema tu.

Snow alikuja alfajiri, na bunduki mbili, na hakuleta mbwa wake.

"Dada, kaa nyumbani," alisema. "Hii si kazi ya kutazama."

"Wakikuona wewe watakimbia."

"Hawa? Wakimbilie wapi?"

"Hatua ishirini. Kisha wataanguka kila mmoja na kichaka chake, na utazunguka kutwa ukiwamalizia. Mimi watanijia."

Snow alivua kofia, akajikuna nywele zake nyeupe. Alitaka kusema neno la utani. Lilionekana likija usoni pake, kisha likarudi. "Haya," alisema.

Noreen alifungua koki robo moja, kisha nyingine. Bomba likanguruma huko chini, likakohoa kutu, na maji ya moto yakaingia horini kwa mkupuo. Farasi waliinua vichwa. Wale waliolala na waliokuwa na uwezo waliinuka. Walikuja wote, wakapanga midomo pande zote mbili za hori kama walivyokuwa wakifanya zamani, na kwa mara ya kwanza kwa miezi mingi Meya hakumfukuza mtu.

"Waache wanywe kwanza," alisema Noreen.

"Nawaacha."

"Mpaka wao wenyewe wainue vichwa."

"Nimesema nawaacha, Noreen."

Alisimama kati yao, mkono mmoja mgongoni mwa Meya, ambapo uti ulichomoza kama ukingo wa paa. Alisikia maji yakishuka kooni mwake, donge baada ya donge. Meya alipoinua kichwa, Noreen alirudi nyuma na kumwashiria Snow kwa macho.

Snow alikuwa stadi. Hakuna aliyehitaji risasi ya pili ila mmoja. Katikati ya kazi Noreen aliona kwamba wale waliobaki hawakukimbia hata kwa mlio. Walishtuka, wakatazama, wakarudisha midomo majini. Jua lilipokuwa limepanda vizuri hapakuwa na aliyesimama. Snow aliketi kwenye bati la nyuma la pikapu yake, akasokota sigara, ikamvunjikia vidoleni, akasokota nyingine.

"Tulipokuwa shule," alisema, "ulikuwa unamwaga dawa ya mwalimu ya panya. Unakumbuka?"

"Nakumbuka."

"Panya wakala vitabu vyote."

Snow alimshika bega kidogo, kwa mkono uliokuwa ukinuka baruti, akaondoka.

Mizoga iliachwa palepale, kwa kuwa hiyo ndiyo sheria ya hifadhi: tai na mbwa mwitu na jua wafanye yao. Tess alisema atafunga koki yeye mwenyewe. Noreen alikataa. Akaweka kambi upande upepo unakotoka, akafunga robo, akaweka sikio kwenye chuma, akangoja. Alifunga robo nyingine siku iliyofuata, na nyingine baada yake, na muda wote huo mizoga ilikuwa ikivimba na kupasuka, na mainzi yalikuwa mengi hata akafunga kitambaa usoni ili apate kupumua. Mbwa mwitu walikuja mchana kweupe, wakala kwa utulivu, wakanywa horini. Hakuwafukuza. Alipoifikia robo ya mwisho aliizungusha kwa mikono miwili mpaka chuma kikagoma. Utambi ukakatika. Tone moja likaning'inia kwenye mdomo wa bomba, likakauka kabla ya kudondoka. Akapitisha mnyororo, akatia kufuli, akampelekea Tess ufunguo.

"Unataka kuacha kazi?" Tess alimwuliza.

"Vimebaki visima vingapi vyenye wanyama?"

"Vitatu."

"Basi si sasa."

Tess alitia ufunguo mfukoni. "Nitakuwa nakuja nawe kwenye robo ya mwisho," alisema. "Kila kimoja. Si kwamba..."

"Ni kwamba," alisema Noreen. "Njoo."

Wiki hiyo hiyo walikwenda pamoja Dimbwi Refu, maana Tess alitaka kuona maji yamebaki kiasi gani. Njia ilipita katikati ya matuta, kisha ikashuka kwenye uwanda wa kokoto nyeusi, ambapo nyasi za kipupwe zilikuwa zimesimama bado, zimekauka, hazijaguswa. Noreen aliziangalia njia nzima. Dimbwi lilikuwa limerudi nyuma sana. Mikaratusi ilisimama na mizizi yake nje, na mahali palipokuwa na kina sasa palikuwa na tope lenye mifupa ya samaki. Lakini katikati, kwenye kivuli cha ukingo, yalibaki maji marefu ya rangi ya chai yenye maziwa, na yangeyange wawili weupe wakitembea ndani yake.

Ng'ambo walikuwepo farasi watatu.

Noreen aliwatambua kabla gari halijasimama. Wa majivu, mwenye kovu jeusi shingoni. Wa kahawia. Na kiwete, aliyelaza mguu mmoja kama mtu aliyechoka kusimama foleni. Mbavu zilihesabika, lakini manyoya yalikuwa yamelala vizuri, na yule wa kahawia alikuwa akipigapiga mkia kwa inzi, jambo ambalo farasi anayekufa halifanyi.

"Hao wametoka wapi?" alinong'ona Tess.

"Kisima cha Jumapili."

"Lakini ulisema hawakuondoka."

"Hawa walinyimwa," alisema Noreen. "Meya aliwafukuza kwenye maji yangu. Hawakupata hata tone."

Kila mmoja alikaa na hesabu hiyo kwa upande wake wa gari.

Lottie aliinua kichwa. Alilitazama gari, masikio mbele, kisha akaingia majini taratibu, akavuka pale penye tope, na wale wawili wakamfuata. Alikuwa anakuja. Tess alitabasamu, kwa mara ya kwanza tangu siku ya ndege. "Anakujua, Shangazi."

"Naona."

Noreen alifungua mlango, akashuka. Hatua chache zaidi na Lottie angefika kumnusa mfuko, na kesho wangefuata alama za matairi zinaporudi, tuta kwa tuta, mpaka kwenye hori lililofungwa kwa mnyororo. Aliinama, akaokota jiwe, akalirusha. Lilimpiga Lottie kifuani. Farasi alisimama, hakuelewa.

"Toka!" alipiga kelele. "Toka hapa! Nenda!"

Lottie alisogea hatua moja, shingo imenyooka mbele. Noreen akaokota jiwe kubwa zaidi, na safari hii alilenga lile kovu.